SD-WAN haitengenezi njia, inachagua tu

Wadau, nimejifungia muda sasa na hii kitu inaitwa SD-WAN (sofwea inayochagua trafiki ya ofisi ipite laini ipi kati ya ulizonazo; WAN ni mtandao unaounganisha ofisi zilizo mbalimbali) pamoja na mada kubwa inayoibeba, yaani namna ya kupanga mtandao wa kampuni yenye ofisi nyingi, nimeona nimwage hapa kilichokaa kichwani kabla hakijachanganyikana na mengine. Sio somo rasmi. Namwandikia yule anayejua ruta ni nini, anwani ya IP anaijua, labda OSPF (protokali ya ruta kuambiana njia) ameshaigusa kidogo, afu kila akifungua maelezo ya SD-WAN anakutana na picha za mawingu na mishale na maneno ya watu wa mauzo mpaka anachoka anafunga.

Msimamo wangu nauweka mapema ili wa kubisha aanze kujiandaa: SD-WAN haitengenezi njia, inachagua kati ya njia ulizoiletea wewe mwenyewe. Ukiipa laini mbili mbovu itakuchagulia, kwa umahiri mkubwa kabisa, ule ubovu wenye nafuu. Ndo maana mtu akijifunza SD-WAN bila kujifunza upangaji wa mtandao anaishia kujua menyu za kontrola (sofwea inayoongoza ruta zote) tu, na menyu zenyewe zinabadilika kila toleo.

Turudi nyuma kidogo maana bila huko haieleweki hii kitu ilitokea wapi. Miaka mingi matawi yaliunganishwa na makao makuu kwa laini za kukodi, zile E1 za Mbps 2.048 (Marekani wao wana T1 ya 1.544), ikaja Frame Relay, afu MPLS. Hii MPLS ilipata maandishi yake rasmi, RFC 3031, mwaka 2001, na wazo lake ni zuri kwelikweli: pakiti ikiingia kwa mtoa huduma inabandikwa lebo ya biti 20, ruta za katikati zinasoma lebo zinasukuma mbele, hazihangaiki na anwani ya mwisho kabisa. Juu yake zikajengwa VPN za leya ya 3 (mitandao ya faragha juu ya miundombinu ya wote), kwanza RFC 2547 ya 1999 halafu 4364 ya 2006 ikachukua nafasi yake, ambapo mtoa huduma anatenganisha ruti zako (njia za kufikia mitandao yako) na za wateja wengine hata kama wote mnatumia 10.0.0.0, na anakuandikia mkataba wa latensi (ucheleweshaji) na upotevu wa pakiti. Kuna watu mtandaoni wanaiongelea MPLS kama uchafu, mimi siko nao. Ni kitu imara. Kilichoichosha ni bei ya kila Mbps, kusubiri sana mpaka laini mpya ifungwe, na jambo la tatu ambalo naona ndo lenye uzito kuliko yote: programu zilihama.

Zamani tawi likitaka barua pepe, mfumo wa uhasibu, mafaili, vyote vilikuwa kwenye data senta ya kampuni, kwahiyo kupeleka kila pakiti makao makuu ilikuwa ndo sahihi, kitu unachokitaka kiko huko. Halafu barua pepe ikaenda klaudi, mafaili yakaenda klaudi, mikutano ya video ikaenda klaudi, lakini mchoro wa mtandao ukabaki uleule, tawi linapeleka trafiki makao makuu, inapita fayawoli moja kubwa ya pale, inatoka intaneti, inafika kwenye huduma ambayo pengine seva zake ziko jirani na tawi lilikoanzia. Piga hesabu uone. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila kilomita 1,000 inakula milisekunde 5 kwenda tu. Tawi likiwa kilomita 1,500 kutoka makao makuu na huduma ikiwa karibu na tawi, unaongeza kilomita 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, hizo ni milisekunde 30 za bure kwa kila mzunguko, na hapo nimechukulia kebo imenyooka kama rula na hakuna foleni popote. Ukurasa wa HTTPS unahitaji mzunguko mmoja wa TCP (kufungua mawasiliano), mmoja wa TLS 1.3 (kupatana usimbaji), mmoja wa ombi lenyewe, kwahiyo baiti ya kwanza imeshachelewa milisekunde 90 zaidi kabla hata ukurasa haujaanza kuita mafaili yake mengine. Mtumiaji anasema "netiweki iko slo" na kila laini ukiipima ni nzima.

Sasa wazo la kutenganisha anayeamua na anayebeba halikuanzia kwenye WAN. Mwaka 2008 watu wa Stanford na wenzao walitoa karatasi ya OpenFlow, kwamba swichi ibaki kusukuma pakiti na maamuzi yakae kwenye sofwea nje ya swichi. Mwaka 2013 Google wakaeleza B4, WAN yao ya kuunganisha data senta zao wenyewe, na hapo ndo watu wengi walishtuka, kwasababu desturi ilikuwa laini za WAN kuendeshwa kwa asilimia 30 mpaka 40 ya uwezo wake ili kubaki na nafasi ya dharura, wao wakasema laini zao nyingi zinafika karibu asilimia 100 na wastani wa muda mrefu ni 70. Mwaka huohuo Microsoft nao wakatoa ya kwao inaitwa SWAN. Ila tusichanganye mambo: B4 ni ya mtu mwenye data senta chache, faiba zake, na programu anazoweza kuziambia subiri kwanza. Kampuni ya kawaida haina hata kimoja kati ya hivyo. SD-WAN tunayouziwa imechukua falsafa ile ikaivalisha kwenye VPN za IPsec (taneli, yaani njia zilizosimbwa kati ya ruta na ruta) zinazopita kwenye intaneti ya kawaida.

Nikashika mfumo mmoja ili nisizunguke, nikachukua ule wa Cisco ambao zamani ulikuwa Viptela, sababu maandishi yake yanapatikana kwa wingi. Una sehemu nne. Manager, ndo skrini unayoikalia. Validator, huyu anapokea kila ruta mpya, anakagua cheti chake, anamsaidia kujua NAT (kubadilishwa anwani ya ndani kuwa ya nje) imempa sura gani huko nje, afu anamwelekeza kwa wengine. Controller, hapa ndo kwenye ubongo wa ruti. Na ruta zenyewe za kwenye matawi. (Kwenye maandishi ya zamani utakutana na vManage, vBond, vSmart na vEdge, ni haohao.) Controller na ruta wanaongea protokali inaitwa OMP, ina harufu ya BGP (protokali ya mitandao kubadilishana ruti) ukiizoea, na kitu cha kwanza cha kukumbuka ni kwamba pakiti za watumiaji hazipiti kwa Controller hata siku moja. Ni kama mratibu wa safari, anapanga nani apite wapi ila usukani haushiki.

Kilichonifungua macho zaidi ni suala la funguo za usimbaji. Kwenye IPsec ya kawaida kila ruta mbili zinakaa chini zinapatana funguo kwa IKE, matawi yakiwa mengi mapatano nayo yanazidiana. Humu kila ruta inatengeneza funguo yake, inaipeleka kwa Controller kupitia njia ambayo tayari imefungwa kwa DTLS au TLS, na Controller anawagawia wengine pamoja na ruti. Mapatano ya wawili wawili yamekufa. Na kila mlango wa kutokea una kitambulisho kinaitwa TLOC, ambacho ni vitu vitatu tu: anwani ya mfumo ya hiyo ruta, rangi ya laini (mpls, biz-internet, lte na kadhalika) na aina ya ufungaji. Ruti inasema "mtandao huu unafikika kupitia TLOC ile", na TLOC ndo inajua anwani halisi ya intaneti. Ukishaielewa hiyo ngazi ya katikati nusu ya SD-WAN umeshaimaliza, mengine ni sera.

Swali ambalo kila mtu anauliza, na mimi niliuliza: Controller akifa je? Ruta zinaendelea na zilichokijua mwisho. Kwa mpangilio wa kiwandani OMP inashikilia ruti kwa sekunde 43,200, yaani saa 12, afu ndo inazitupa. Saa 12 zinatosha kuamka na kurekebisha, ila ukizipandisha zaidi ya muda wa kubadilisha funguo za IPsec, ambao kiwandani ni saa 24, unajitafutia, maana nani atagawa funguo mpya wakati mgawaji hayupo.

Haya, tuje kwenye kuchagua njia, hapa nitakaa maana ndo kwenye utamu na ndo kwenye uongo mwingi wa matangazo.

Ruta inapima kila taneli kwa BFD. Inatuma pakiti ndogo kila sekunde moja, inasubiri mwangwi, kutokana na hizo inajua latensi, jita (kuyumba kwa latensi) na upotevu. Zikipotea 7 mfululizo taneli inahesabika imekufa. Sekunde 7. Kwa barua pepe sawa, kwa simu ya sauti sekunde 7 ni mtu ameshakata na anapiga upya. Lakini hilo ni la laini iliyokufa kabisa, na laini kufa kabisa ndo tatizo rahisi, hata ruta za zamani zililiweza. Tatizo gumu ni laini mgonjwa, iko hewani, ping inajibu, ila inadondosha pakiti 3 kwa kila 100. Hapo ndo unaandika sera ya kwamba sauti ipite laini yenye latensi chini ya milisekunde 150 kwenda, jita chini ya 30, upotevu chini ya asilimia 1 (ile 150 inatoka kwenye pendekezo G.114 la ITU-T, shirika la viwango vya mawasiliano), laini ikivuka hapo hama.

Inahama lini sasa? Hii haisemwi kwenye matangazo. Kwa mpangilio wa kiwandani wa mfumo huohuo, vipimo vinakusanywa kwenye ndoo za dakika 10, na wastani unapigwa kwa ndoo 6. Soma tena. Laini ikianza kuumwa sasa hivi, ndoo hii lazima ijae kwanza, afu ikijaa inachanganywa na ndoo tano za nyuma ambazo zilikuwa nzima, kwahiyo upotevu wa asilimia 3 kwenye ndoo moja unaonekana nusu asilimia tu kwenye wastani, chini ya kizingiti chako, na hakuna anayehama. Ndoo ya pili, asilimia 1 kamili, bado haijavuka. Ya tatu ndo 1.5, sasa inahama. Nusu saa imepita watu wanakatiana simu na skrini ya Manager ni ya kijani. Wengi wanashusha ndoo iwe ya dakika 2 au chini yake, na wanapunguza idadi ya ndoo, ila nayo ina gharama: ndoo ya dakika 2 ina sampuli 120 tu, pakiti moja ikidondoka ni asilimia 0.83, mbili ni 1.67 na umeshavuka kizingiti kwa bahati mbaya tu, laini zinaanza kupigana danadana na trafiki. Matoleo mapya yana namna ya kupima haraka zaidi kwa kutumia pakiti za watumiaji zenyewe, na hiyo ndo njia inayoingia akilini, sampuli zinakuwa nyingi. Ila ukikuta mtandao uliofungwa miaka ya nyuma, kitu cha kwanza angalia hizo namba mbili. Namba mbili tu.

Kuna zile mbinu za kutibu laini badala ya kuihama. Moja ni kutuma nakala ya kila pakiti kwenye laini zote mbili, ghali lakini kwa sauti inafaa, sauti ni nyepesi. Nyingine ni kuongeza pakiti ya akiba kwa kila pakiti 4, ikipotea moja kati ya zile nne upande wa pili unaihesabu upya kutoka kwenye zilizobaki. Inaongeza trafiki kwa asilimia 25. Na haisaidii zikidondoka mbili kwa mpigo ndani ya kundi moja, na laini za redio zina hiyo tabia ya kudondosha kwa mafungu.

Kwa anayetaka kuyaona haya kwa macho hahitaji leseni ya mtu wala maboksi. Linux ina netem, ya kuigiza laini mbovu. Weka mashine pepe tatu (virtual machines), ya katikati iwe ruta, afu kwenye interfesi zake zote mbili andika:

tc qdisc add dev eth1 root netem delay 50ms loss 1%

na eth2 vilevile. Inachelewesha upande wa kutoka tu, ndo maana unaweka pande zote mbili upate mzunguko wa milisekunde 100. Rusha iperf3, ya kupima kasi. Kama laini ni ya Mbps 100 utategemea nini? Kuna kanuni ya Mathis na wenzake ya mwaka 1997, kasi ya TCP moja haizidi sana ukubwa wa segimenti ukigawa kwa muda wa mzunguko, ukigawa tena kwa kipeuo cha pili cha upotevu. Baiti 1,460 ni biti 11,680, gawa kwa sekunde 0.1 unapata 116,800, kipeuo cha pili cha 0.01 ni 0.1, gawa tena, unapata kama Mbps 1.2. Kwenye laini ya 100! Na kununua laini ya 1,000 hakubadilishi chochote hapo, kwenye kanuni bendiwidi haimo kabisa. Badilisha TCP ya mashine iwe BBR, ile ya Google ya 2016, uone inavyopaa, maana yenyewe haichukulii kila pakiti iliyodondoka kama ishara ya msongamano. Mimi hili jaribio ndo lilinifanya niache kuuliza "laini ni Mbps ngapi" kama swali la kwanza. Swali la kwanza ni inadondosha ngapi.

Sasa upangaji. Watu wanaruka hapa kwasababu hakuna skrini nzuri ya kuonyesha bosi.

Chukua hesabu ya laini mbili. Laini moja ya intaneti ya kawaida, tuseme inapatikana asilimia 99 ya mwaka, ina maana saa 87.6 haipo. Ukiweka mbili za namna hiyo na zikawa hazihusiani, nafasi ya zote kufa pamoja ni 0.01 mara 0.01, unabaki na dakika 52 na nusu hivi kwa mwaka. Hii ndo hesabu inayouza SD-WAN dunia nzima, na ni ya kweli, sharti lake ni lile neno "hazihusiani". Makampuni mawili tofauti, ankara mbili tofauti, rangi mbili kwenye skrini, afu faiba zote mbili zinaingia jengo kwa mfereji mmoja, au mmoja wao amekodi faiba ya mwenzie kilomita 40 nyuma bila wewe kuambiwa, greda likipita zote zimeenda. Ukitaka hesabu ikae weka faiba moja na redio moja, au uliza mchoro wa njia mpaka kwenye jengo la mtoa huduma, wengine wanakataa kuutoa, na kukataa kwenyewe ni taarifa. Halafu angalia vilivyo kwenye mstari mmoja: ruta moja yenye upatikanaji wa 99.9 mbele ya hizo laini zako za 99.99, unazidisha, unapata 99.89, umerudi kwenye saa 9 na kitu kwa mwaka. Laini ya pili umelipia, na bado boksi moja lenye soketi moja ya umeme ndo linaamua.

Topolojia nayo. Ovalei, yaani mtandao wa taneli juu ya laini zako, inakupa uhuru wa kila tawi kuongea na kila tawi moja kwa moja, na kwa chaguo la kiwandani inajaribu kufanya hivyohivyo. Matawi 40 ni jozi 780. Kila tawi lina laini mbili, rangi zote zikiruhusiwa kuonana ni taneli 4 kwa kila jozi, jumla 3,120, na kila ruta inabeba 156. Ruta ndogo ya tawi inapiga BFD taneli 156 kila sekunde, kwa ajili ya matawi ambayo hayajawahi kupigiana simu. Ukipanga vituo viwili vikuu na matawi yaongee navyo tu, kila tawi linabaki na taneli 8. Katikati ya hapo kuna mpango wa kanda, matawi ya kanda moja yanaonana moja kwa moja, ya nje ya kanda yanapita kituo, na binafsi naona ndo unaofaa kampuni nyingi. Kujua upi unafaa lazima ujue trafiki inatoka wapi kwenda wapi, na hiyo kontrola haikuambii kabla hujajenga, unakusanya mwenyewe NetFlow (kumbukumbu za trafiki) ya wiki kadhaa ikiwemo mwisho wa mwezi watu wa hesabu wanapokimbizana.

Anwani. Nikisema anwani watu wanapiga miayo, lakini mpango mbovu wa anwani ndo unaokufanya uandike mistari mia ya sera badala ya mmoja. Kwenye 10.0.0.0/8, ukimpa kila tawi kipande cha /20, unapata matawi 4,096 kila moja na anwani 4,096, na ndani ya tawi unaweka utaratibu uleule kila mahali, sauti hapa, watumiaji hapa, wageni hapa, kamera hapa. Tawi zima linatangazwa kwa ruti moja. Fundi akiona anwani anajua ni tawi gani na kifaa cha namna gani bila kufungua jedwali. Kampuni zilizokua kwa kununuana hazina bahati hiyo, unakuta 192.168.1.0 ziko sita na kila moja ina printa ya .10.

Na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti unaokubalika kwenye laini), jamani MTU. Pakiti ya kawaida ni baiti 1,500, ukiifunga kwenye IPsec na vichwa vyake unaongeza makumi ya baiti, haipiti tena. Ingetakiwa ruta irudishe ujumbe wa ICMP kwamba punguza, ila fayawoli flani njiani inazuia ICMP yote kwa jina la usalama. Dalili zake ni za ajabu: ping inapita, kuingia kwenye mfumo kunapita, ukifungua ripoti kubwa inaganda. Pima kwa ping ya baiti 1,472 yenye katazo la kukatwa (1,472 na 28 za vichwa ni 1,500), shusha mpaka ipite, afu rekebisha MSS ya TCP (ukubwa wa juu wa segimenti) kwenye ruta, wengi wanaweka 1,360 na maisha yanaendelea.

Usalama nitapita haraka maana unastahili andiko lake. Ukiruhusu tawi litoke intaneti moja kwa moja umeondoa zile milisekunde 30, na umeondoa pia ile fayawoli moja kubwa ya makao makuu, sasa unazo 40 ndogo. Ndo ikaja SASE, jina walilolitoa Gartner, kampuni ya utafiti wa teknolojia, mwaka 2019, ukaguzi unahamia klaudi karibu na mtumiaji. Sawa, ila ni latensi nyingine ya kupima, usikubali tu kwakuwa mchoro umependeza.

Kuhusu ujifunze ya nani, usiumize kichwa. Viptela ilianza 2012, Cisco wakainunua 2017 kwa dola milioni 610. VeloCloud ilichukuliwa na VMware mwaka huohuo, VMware yenyewe ikachukuliwa na Broadcom 2023, afu 2025 VeloCloud ikahamia Arista. Silver Peak ilienda HPE 2020 kwa milioni 925. Ukikariri rangi za menyu umeshikilia kitu kinachohama mikono. Mifupa ni ileile kwa wote: taneli, vipimo, sera, funguo, na BGP kwenye kila kona. BGP usiikwepe. FRRouting (sofwea ya ruta) ni ya bure, GNS3 na EVE-NG za kuigiza mitandao zipo, Containerlab ni nyepesi zaidi kama unajua kontena, na WireGuard (VPN nyepesi) juu ya laini mbili ulizozitesa kwa netem inakufundisha ovalei vizuri kuliko video yoyote niliyoiona.

Ninachosoma sasa ni uhamaji wenyewe, kutoka MPLS kwenda SD-WAN bila kuzima kampuni. Wanaojua wanashauri uanze na data senta, sio na tawi dogo la majaribio kama mtu unavyoweza kudhani, kwasababu kwa miezi kadhaa nusu ya matawi yatakuwa kwenye mtandao mpya na nusu kwenye wa zamani, na lazima pawe na mahali yanapokutana yaongee, na data senta ndo mahali penyewe. Hapohapo pia ndo kwenye hatari, ruti zinatoka BGP ya MPLS zinaingia OMP, ruta ya pili pembeni inazitoa OMP inazirudisha BGP, na zikirudi zikaonekana bora kuliko za mwanzo mzunguko umeanza, pakiti zinazunguka mpaka TTL (idadi ya ruta pakiti inaruhusiwa kupita) inaisha. Dawa yake ni kuzipaka alama ruti unapoziingiza na kukataa chochote chenye alama hiyo kurudi kilikotoka, na hili natamani kuliharibu kwa makusudi kwenye labu nione linavyoonekana kwenye traceroute, ruta mbili zikirushiana pakiti moja kama hazifahamiani. Mwenye usanidi wa FRRouting wa kitu kama hiki aweke kwenye komenti, nitaujaribu wikiendi.